Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu: namna ya kuisoma hulka yake na kumsindikiza hatua kwa hatua nyumbani

Kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, mtoto hukua kwa njia mbili kwa pamoja. Mwili unajifunza kutembea, kushika kijiko, kuvua soksi. Na humo humo anajitokeza mtu: ana anachokipenda, ana asichokitaka hata umbembeleze vipi, ana namna yake ya kucheka na ya kununa. Wazazi wengi huyatenganisha haya. La kwanza huliita maendeleo, la pili huliita utundu.

Mwongozo huu unayachukua pamoja, kwa sababu sehemu kubwa ya huo utundu ni maendeleo yenyewe, ila yamekuja kwa sura inayochosha. Anayedondosha kijiko chini mara kumi mfululizo anajifunza kuachia kitu kwa kukusudia na kutazama kinakoangukia. Anayelia ukitoka chumbani amekwisha kugundua kwamba usipoonekana bado upo mahali, na anataka urudi. Anayesema "sitaki" ametambua kuwa yeye ni mtu mwingine, si sehemu yako. Ukiliona hivyo, swali la kujiuliza linakuwa: hapa anajifunza nini, nami nimpe wapi pa kujifunzia?

Hatua ya 1: Mwangalie wiki nzima kabla ya kumrekebisha

Mwaka 1956, huko New York, madaktari wawili wa magonjwa ya akili, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kufuatilia kundi la watoto tangu wakiwa wachanga, wakaendelea nao hadi utu uzima. Walichokikuta ni faraja kwa mzazi yeyote aliyewahi kuambiwa "wewe umemdekeza": watoto hutofautiana kihulka tangu miezi ya mwanzo kabisa, kabla malezi hayajapata muda wa kuwatengeneza wala kuwaharibu. Takriban 40 kati ya kila 100 walikuwa wepesi kuwalea. Walikula na kulala kwa saa zinazotabirika na kuzoea mambo mapya bila vita. Kama 15 walikuwa wazito wa kuzoea, wale wanaojificha kwanza nyuma ya mguu wa mzazi. Kama 10 walikuwa wagumu: kilio kikali, mambo mapya hawayataki, usingizi hauna ratiba. Waliosalia walikuwa na mchanganyiko wa haya yote.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wana haki yao, lakini kuna kingine alichokuja nacho kabla hujaanza kumlea.

Kwa hiyo chukua daftari, na kwa wiki moja andika mambo manne tu. Kwanza, nguvu zake: anashinda akikimbia, au anaweza kukaa na kopo na kifuniko chake robo saa nzima? Pili, mwili wake una saa zake za njaa na usingizi, au kila siku ni mpya? Tatu, akikutana na mtu au kitu kigeni, anakiendea au anarudi nyuma? Nne, hisia zake ni za sauti gani? Kuna mtoto ambaye furaha yake ni tabasamu, na kuna ambaye jirani lazima ajue.

Kisha panga siku kwa kufuata ulichokiandika. Mwenye nguvu nyingi mpe mbio kabla ya jambo la kutulia, siyo baada yake. Mzito wa kuzoea mfikishe mapema kwenye shughuli, watu wakiwa bado wachache, ukae naye pembeni mpaka ashuke mapajani mwenyewe. Usimsukume mbele ukisema "haya, msalimie mjomba!" na usimwombee radhi kwa wageni kuwa "huyu ana haya". Anakusikia, na jina hilo atalivaa. Asiye na saa za mwili ndiye anayehitaji zaidi saa za nyumba: hata kama hana njaa, muda wa kula ni ule ule, na taa zinazimwa wakati ule ule. Mwenye hisia kali anahitaji sauti yako iwe ya chini kuliko unavyojisikia kuitoa.

Thomas na Chess walisisitiza pia kwamba shida haitokani na hulka ya mtoto peke yake. Huzuka pale hulka hiyo inapogongana na matarajio ya wanaomlea. Mzazi mpole asiyependa kelele akipata mtoto wa fujo atamwona ana kasoro. Mzazi wa fujo akipata mtoto mtulivu ataona mtoto anaumwa. Jiandike na wewe humo daftarini.

Hatua ya 2: Ipange nyumba ili neno "usiguse" lipungue

Piga magoti utambae vyumba vyote ukiwa kwenye kimo chake. Ni zoezi la kuchekesha, lakini utaona nyaya, soketi, pembe za meza na kitambaa cha meza kinachoning'inia, vitu ambavyo ukiwa umesimama huvioni. Dawa, sabuni za kufulia, viberiti na visu viende juu na vifungiwe. Kabati na rafu zinazoweza kuangushwa na mtoto anayezipanda zifungwe ukutani kwa skrubu. Ndoo na beseni zisiachwe na maji, kwani mtoto wa umri huu huweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache: kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za mikono yake kumnyanyua.

Kitu kimoja husahaulika mno, nacho ni zile betri bapa za mviringo zilizomo kwenye rimoti, mizani na midoli yenye taa. Ikikwama kooni huanza kuunguza, na ndani ya saa 2 madhara yanaweza kuwa makubwa. Ukishuku tu kwamba amemeza, ni hospitali hapo hapo, bila kusubiri dalili.

Ukishamaliza kuondoa, anza kuweka. Mpe droo moja ya chini ambayo ni yake, yenye vifuniko, vijiko vya mbao na vitambaa. Weka kikombe chake, viatu vyake na nguo zake mahali anapofika mwenyewe. Nyumba ambayo mtoto anakatazwa kila dakika inazalisha mtoto asiyesikia katazo, na siku utakapopiga kelele "simama!" kwa jambo la hatari kweli, litakuwa neno la mia la siku hiyo.

Hatua ya 3: Mwili upe sakafu na muda

Hapa ndipo ndugu na majirani wanapolinganisha, na ndipo pasipo na sababu kubwa ya kulinganisha. Shirika la Afya Duniani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na uliohusisha watoto wa nchi tano, Ghana na Oman zikiwamo, lilikuta kwamba watoto wenye afya huanza kutembea bila kushikwa wakati wowote kuanzia karibu miezi 8 hadi karibu miezi 18. Wengi huanza wakikaribia mwaka. Anayesimama dede na miezi 13 akakaa kitako hajachelewa chochote.

Kinachomsaidia ni sakafu isiyoteleza, miguu peku akiwa ndani, na fanicha imara za kushikilia akienda pembeni pembeni. Vile vigari vya magurudumu ambavyo mtoto hukalishwa katikati havimharakishi kutembea, na vimewatupa watoto wengi kwenye ngazi. Kanada ilipiga marufuku kuviuza tangu mwaka 2004.

Kufikia mwaka mmoja na nusu, tarajia apande kiti na kushuka, na achorechore akipewa penseli. Akifika miwili, anakimbia, anapiga mpira teke na kupanda ngazi chache. Miwili na nusu, anaruka miguu yote miwili ikiachia ardhi kwa pamoja, na atakuonyesha hilo kila siku kama habari mpya. Kwa jumla, mwili wake unataka angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, zikitawanywa asubuhi hadi jioni. Wengi wao hawahitaji kuhimizwa.

Hatua ya 4: "Mimi mwenyewe"

Wakati fulani kati ya miezi 18 na 24, mtoto akipakwa doa usoni bila kujua kisha akajitazama kwenye kioo, hupeleka mkono usoni kwake badala ya kugusa kioo. Watafiti hulitumia jaribio hilo kujua kama mtoto anajitambua. Wewe huhitaji rangi wala kioo, kwa kuwa utaisikia tu: "Mimi! Mimi mwenyewe!"

Njia nzuri kuliko zote ninazozijua ya kumfundisha kujihudumia ni kuanzia mwisho. Chukua suruali. Kaa chini nyuma yake, nyote mkitazama upande mmoja, ili mikono yako iende kama yake itakavyokwenda. Mwingize miguu yote miwili, ipandishe suruali mpaka juu ya magoti, halafu acha. Mshikishe ukanda wa mpira kwa mikono miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, useme "vuta". Hapo ndipo nyuma itakapokwama kwenye nepi. Mwelekeze vidole vyake, usivute wewe. Amemaliza mwenyewe, na uso wake utakuambia. Akilizoea hilo, iache suruali magotini. Kisha kwenye vifundo vya miguu. Hatua ya kwanza kabisa, ya kujua tundu lipi ni la mguu upi, inakuja mwisho. Ukianzia mwanzoni kama tulivyozoea, yeye anashindwa na wewe unamalizia, kwa hiyo kila mara anabaki na kumbukumbu ya kushindwa.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa soksi, kunawa mikono, kufunga zipu. Kuvua huja kabla ya kuvaa. Mtoto anayejivua nguo zote mbele ya wageni yuko mbele ya ratiba. Kufikia miaka mitatu, wengi huvaa wenyewe nguo pana zisizo na vifungo.

Gharama yake ni muda. Kama mnatoka saa mbili, jambo hili haliwezekani saa mbili kasoro dakika tano. Chagua tukio moja kwa siku ambalo hamna haraka, na hilo liwe lake. Mengine mvishe bila kujilaumu.

Mpe pia uchaguzi, lakini mdogo: "Shati jekundu au la bluu?" Usimuulize "Unataka kuvaa?" kama jibu la hapana hukubaliani nalo.

Hatua ya 5: Maneno, na kinachotangulia maneno

Kidole hutangulia ulimi. Angalia kama ananyoosha kidole kuomba kitu, na baadaye, karibu na miezi 18, kama anakuonyesha kitu kwa ajili tu ya kukishangaa pamoja nawe: ndege, gari, mwezi. Huku kuonyesha bila kuomba ni jambo kubwa. Maana yake amejua una akili yako ambayo anaweza kuielekeza.

Neno la kwanza kwa kawaida huja karibu na mwaka. Kwenye miezi 18 tarajia walau maneno matatu mbali na "mama" na "baba". Kwenye miaka miwili, maneno mawili yakiungwa, kama "baba kuja" au "maji bado". Kwenye miwili na nusu, kama maneno 50. Anayoyaelewa ni mengi zaidi. Kama nyumba ina lugha mbili, hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Kusikia lugha mbili hakumcheleweshi mtoto, na hakuna sababu ya kuacha lugha ya bibi kwa hofu hiyo.

Kazi yako ni kuzungumza naye, wala siyo kumfanyia mtihani. "Sema maji. Sema! Sema maji" humfunga mdomo. Akisema "taka ji", mrudishie sentensi iliyokamilika bila kumkosoa: "Unataka maji? Haya, maji ya kunywa haya hapa." Ukimuuliza kitu, nyamaza kwa sekunde kadhaa, na usijaze ukimya huo haraka. Simulia unachofanya ukiwa unakifanya: ninafungua bomba, ninaosha mkono wako, mkono mwingine uko wapi? Atakapokosea vizuri, kama kusema "kitoto changu" akimaanisha kiti, cheka moyoni, umjibu kwa neno sahihi.

Skrini haifanyi kazi hii, kwa kuwa haimngoji ajibu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inashauri asikalishwe mbele ya skrini kabisa kabla ya miaka miwili, na baada ya hapo isizidi saa moja kwa siku. Kuzungumza na shangazi kwa video ni jambo tofauti, kwani shangazi anajibu.

Hatua ya 6: Hasira

Mtoto wa miezi 20 anajigaragaza sakafuni kwa sababu umemfungulia mlango. Alitaka aufungue yeye. Kwa mtu mzima ni upuuzi; kwake ni mpango mzima aliokuwa nao kichwani, ukauharibu bila kumuuliza, naye hana maneno ya kulalamika. Sehemu ya ubongo inayozuia misukumo itaendelea kukomaa mpaka atakapokuwa na miaka ishirini na kitu. Kwa sasa breki hakuna.

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla. Njaa, uchovu, na kukatizwa ghafla ndivyo vyanzo vikuu, na vyote vitatu vinatabirika. Mpe taarifa kabla ya kubadilisha shughuli, kwa kitu anachokiona badala ya dakika asizozijua: "Teleza mara mbili zaidi, kisha tunaondoka." Zihesabu naye, kisha ondokeni kweli. Ukimwongezea ya tatu kwa huruma, kesho "mbili" haitakuwa na maana.

Kama kosa linarekebishika kirahisi, lirekebishe. Funga mlango, afungue. Hujashindwa vita, kwa sababu hapakuwa na vita. Tofautisha hili na kile ulichokataa kwa sababu ya maana, kwa mfano kisu; hapo hapana inabaki hapana hata alie vipi. Mzazi anayekataa kila kitu kisha akakubali kilio kikipanda anamfundisha mtoto urefu wa kilio kinachohitajika.

Kilio kikishawaka, maneno yako yana kazi ndogo. Waliochunguza hasira za watoto wa umri huu kwa makini walikuta kwamba nyingi huisha ndani ya dakika tano, na kwamba ghadhabu hupanda mapema kisha hushuka, huku huzuni ikiendelea kuwapo chini yake. Ghadhabu ikiwa kileleni, maelezo na maswali huichochea. Kwa hiyo ondoa kitu cha kumuumiza, chuchumaa karibu naye, useme sentensi moja fupi: "Umekasirika. Ulitaka kufungua mwenyewe. Nipo hapa." Kisha nyamaza. Wapo watakaotaka kukumbatiwa, wapo watakaokusukuma. Daftari lako la hatua ya kwanza limeshakuambia wako ni yupi. Utasikia kilio kikibadilika, kutoka ukelele wa ghadhabu kwenda kwikwi. Hapo ndipo anapopokeleka. Mchukue, mfute uso, maisha yaendelee. Hotuba haihitajiki.

Mkiwa mbele za watu, mbebe mwende pembeni. Macho ya watu ni mzigo wako, usimtwishe yeye.

Kumchapa kunaweza kumnyamazisha dakika ile kwa woga, lakini kunamwonyesha kuwa mwenye nguvu hupiga akikasirika, na yeye ni mwigaji hodari. Wewe ukihisi unakaribia kupasuka, mweke mahali salama, toka chumbani, unawe uso. Dakika mbili za kilio chake peke yake zina heri kuliko mkono wako ukiwa na hasira.

Baadhi ya watoto hushikilia pumzi wakilia mpaka midomo ikawa ya bluu, na wengine huzirai kwa sekunde chache kabla pumzi haijarudi yenyewe. Inatisha kuiona. Mara nyingi haina madhara na huisha kadiri anavyokua, lakini ikitokea mara ya kwanza mpeleke kwa daktari ili sababu nyingine ziondolewe shakani, na upungufu wa damu upimwe.

Hatua ya 7: Wenzake

Mtoto wa miaka miwili hucheza kando ya mwenzake zaidi kuliko pamoja naye. Mtafiti wa michezo ya watoto, Mildred Parten, alilieleza hilo mwaka 1932 na halijabadilika: wawili wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na lake, wakipiga jicho la pembeni. Usiwalazimishe kucheza pamoja. Kugawana vitu nako ni mapema. "Changu" ndiyo kwanza amelijua, atatoaje asichokuwa amekimiliki vizuri? Zamu ni rahisi zaidi kuliko kugawana: "Sasa ni zamu ya Juma. Juma akimaliza, ni yako." Kabla mgeni mdogo hajafika, kiwekeni kabatini kile kimoja anachokipenda kuliko vyote. Vingine ni vya wote.

Kung'ata ni kwa kawaida kabisa kati ya mwaka na miaka mitatu, na humtia mzazi aibu kuliko kunavyostahili. Mhudumie kwanza aliyeng'atwa. Kisha mwambie wako kwa ufupi na kwa uso usiocheka: "Kung'ata kunauma. Hatung'ati." Usimng'ate umwonjeshe. Halafu tafuta lini hutokea. Mara nyingi ni pale wenzake wakiwa wengi, nafasi ikiwa finyu, au jino linasukuma.

Hatua ya 8: Kula na kulala

Mtoto huongeza uzito wake mara tatu katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili na kitu tu. Ndiyo maana anaonekana ghafla kuwa hali chakula. Mgawanyo wa kazi unaosaidia ni huu: wewe unaamua chakula gani, saa ngapi, na mahali gani, yeye anaamua ale kiasi gani, au asile. Kitu kigeni kiweke kwenye sahani kidogo sana, karibu na anachokijua, usikitaje. Huenda kikahitaji kuonekana mara kumi na zaidi kabla hajakionja. Aliye na miezi 18 anaweza kutumia kijiko na kikombe kisicho na mfuniko, akimwaga. Tandika kitu chini, muachie. Karanga nzima na vitu vigumu vya duara visubiri, kwani vinakaba.

Usingizi, akiwa na mwaka mmoja au miwili, ni saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na wa mchana. Utaratibu wa usiku uwe mfupi na usiobadilika: kuoga, meno, hadithi, taa. Meno yapigwe mswaki kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Akitoka kitandani, mrudishe bila mazungumzo, mara zote kwa namna ile ile. Ukifanya mchezo mara moja tu, ataukumbuka huo.

Hatua ya 9: Poti

Umri peke yake haukupi jibu. Tafuta dalili: nepi inakaa kavu saa 2 au zaidi, anajua kushusha suruali, anafuata maelekezo mepesi, na anakwenda kujificha nyuma ya pazia akitaka haja kubwa. Hiyo ya pazia ndiyo naiamini kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha amejua kabla, wala siyo baada. Wengi hufikia hapo kati ya miezi 18 na miaka mitatu.

Weka poti sehemu anayoiona wiki moja kabla, akalie hata na nguo. Kisha mkalishe saa za uhakika: akiamka, na baada ya kula, dakika chache tu. Miguu yake ifike chini. Akifanya, mpongeze bila shangwe ya harusi. Akijikojolea, "Mkojo umetoka, tubadilishe" inatosha. Akigoma kwa siku kadhaa, rudisha nepi bila aibu, mjaribu tena baada ya wiki chache. Kumlazimisha kuna hatari ya kweli: huzuia choo, choo kinakuwa kigumu, kinauma, na sasa ana sababu ya haki ya kukiogopa. Usiku ni habari nyingine, na wapo wengi wenye afya njema wanaokojoa kitandani hadi miaka mitano na kuendelea. Usiwaadhibu, wamelala.

Lini usisubiri tena

Upana wa kawaida ni mkubwa, lakini una mwisho. Mpeleke kliniki kama hajatembea akifika miezi 18. Kama kwa umri huo hanyooshi kidole kuonyesha kitu, au haitiki jina lake. Kama miaka miwili imefika na haungi maneno mawili yake mwenyewe. Kama anatembelea ncha za vidole siku zote. Kama kabla ya miezi 18 anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja. Na kama alikuwa na jambo akalipoteza, maneno aliyokuwa akiyasema, macho aliyokuwa akikutazama nayo, nenda wiki hiyo hiyo, umri wowote.

"Atasema tu, hata baba yake alichelewa" huenda ikawa kweli, lakini kupima masikio hakumdhuru aliyechelewa kihalali. Omba usikivu upimwe kwanza, hasa kama masikio yamewahi kutoa usaha.

Kliniki mtoto huwa ananyamaza, hatembei, ameng'ang'ania shingo yako, na mhudumu ana dakika chache. Kwa hiyo nenda na daftari, tarehe zikiwamo, pamoja na video fupi mbili tatu za simu: moja akicheza peke yake, moja akizungumza na nyinyi, na moja ya lile jambo hasa linalokutia wasiwasi. Zirekodi nyumbani, siku ya kawaida, bila kumwambia "haya, waonyeshe".